Shajara ya mradi: ndizi mbivu za nazi ndani ya eafraya

Jumamosi, siku ya 1

Mradi wenyewe ni huu. Bibi anakuja Dar mwisho wa mwezi kuangaliwa macho, atalala kwangu siku mbili halafu ndo aende kwa shangazi, na mi nimejiapiza siku hiyo lazima ale ndizi mbivu za nazi za moto zilizopikwa na mkono wangu. Zile anazotupikiaga Tanga tangu watoto, ndizi zimelainika, tui zito limezishika, juu kuna rangi ya kahawia na harufu ya hiliki unaisikia tokea barazani. Shida ni kwamba kwangu ni chumba kimoja cha kupanga, mwenye nyumba hataki kuona mkaa ndani, mtungi wa gesi umeisha na mshahara bado, oveni ndo kabisa. Ninachomiliki ni eafraya ya lita 4 niliyouziwa na jamaa wa kazini alipohama, wati 1500, kitabu cha maelekezo hakikuja nayo, na mpaka leo kazi yake ilikuwa chipsi na vipapatio.

Kwa hiyo nimefungua daftari, naandika kila ninachofanya ili nisirudie ujinga uleule mara mbili.

Kabla ya kupika niliipindua mashine (imezimwa na imepoa, nasema mapema) nikachungulia ndani. Koili ya moto iko juu, feni iko nyuma yake, chini hamna kitu zaidi ya wavu. Yaani jina tu linadanganya, hakuna kukaanga hapo, ni kioveni kidogo chenye feni, upepo wa moto unazungushwa kwa kasi na unakausha kila unachokigusa. (Nimeongeza baadaye: hilo la kukausha sikulitilia maanani na ndo limenisumbua wiki nzima.)

Jaribio la 1: kisukari nne kwa sababu ndo zilikuwepo, nimezipasua katikati, nyuzi 180, dakika 12, hamna mafuta hamna sukari. Matokeo ni uji. Kisukari ikiiva inakuwa laini sana, ikipata moto inalegea yote, zingine zilipita kwenye wavu zikadondoka chini nikakaa nakwangua mpaka saa tano usiku. Utamu upo lakini hiyo sio kitu ya kumpa Bibi yangu.

Jumapili, siku ya 2

Nikasema basi ndizi ngumu. Sokoni nimepata mkono wa tembo mbili, ganda la njano safi halina hata doa, nikaona nimelamba dume. Nimekata vipande vya unene wa kidole, nyuzi 180, dakika 15.

Nimetoa mbao. Pembeni ngumu, katikati ni unga unga, unatafuna unatafuta maji. Muuza ndizi nilipomrudia jioni alicheka, akaniambia hizo ni za kuchemsha na nyama, za kupika tamu unangoja ganda liwe jeusi, ukiiona unasema imeoza hapo ndo imeiva. Na kweli ukifikiria, ndizi inavyokaa wanga wake unageuka sukari kidogo kidogo, na rangi ile ya kahawia tunayoitafuta inataka sukari, kama haipo we washa moto mpaka kesho utapata ukavu tu.

Akanichagulia mzuzu tatu, akaniambia ziweke kwenye mfuko wa karatasi usiziguse mpaka Jumatano. Kuanzia leo mradi ni mzuzu.

Jumatatu, siku ya 3

Hakuna kupika, leo ni siasa. Nyumba yetu LUKU (mita ya umeme wa kununua kabla, inaonyesha uniti zilizobaki) ni ya pamoja vyumba vinne, na mama wa chumba cha mbele kaanza kusema lile dude langu linakula umeme, uniti zinaisha hazieleweki. Sikubishana. Nilingoja mchana wote hawapo, nikazima friji yangu, nikasoma mita kabla, 41.6, nikaiwasha eafraya tupu nyuzi 180 dakika 20, nikasoma tena, 41.3. Hesabu ya kwenye karatasi inasema wati 1500 kwa dakika 20 ni nusu uniti, lakini ikishafika joto lake inajizima na kujiwasha kwa hiyo inakula chini ya hapo. Uniti moja kwetu ni kama shilingi 350 na ushee, kwa hiyo mzunguko mmoja ni mia moja na kitu. Nilimwonyesha, akasema sawa lakini nitakula na mimi hizo ndizi. Tumeelewana.

Jambo moja la muhimu kuliko hesabu: usiichomeke kwenye zile ekstensheni nyembamba za bei ya kutupa. Yangu waya ulipata moto mpaka ukawa laini kama tambi. Sasa naichomeka ukutani moja kwa moja na friji nimeisogeza.

Jumatano, siku ya 5

Mzuzu ziko nyeusi, nzuri, harufu yake tu unajua.

Jaribio la 3. Nimemenya mbili, nimekata za kulala, nimezipanga kwenye kisufuria cha alumini kipana kisicho na masikio kinachoingia kwenye droo (nilikwenda na droo yenyewe dukani kukipima, watu walinishangaa). Nimekuna nazi moja, nimekamua tui zito kama kikombe kimoja, sukari vijiko viwili, hiliki tano za kutwanga, nikamimina juu ya ndizi, nyuzi 180, dakika 20, nikaenda kuoga.

Nimerudi tui limekatika. Lote. Juu mafuta yanaelea ya njano, chini maji maji na vipande vyeupe kama maziwa yaliyoganda, ndizi zimechomoza vichwa na vichwa vyenyewe vimekauka vikawa kama ngozi. Nilitaka kulia. Nazi siku hizi sio bei ya kucheza nayo.

Nikampigia Bibi, sikutaka ajue sapraizi lakini ningefanyaje.

Shikamoo Bibi. Marahaba mume wangu, umekula? Nimekula Bibi, naomba nikuulize, tui likikatika shida nini. Ulikoroga? Liko ndani ya mashine Bibi, halikorogeki. Mashine gani tena? Nikamweleza, inatumia umeme, moto unatoka juu, chini hamna moto, kuna feni. Akanyamaza kidogo. Kumbe unapalia, akasema.

Hapo mwili ulinisisimka, kwa sababu kweli, ni kilekile anachofanyaga yeye, sufuria limefunikwa na makaa ya moto yamewekwa juu ya kifuniko. Mi nimekaa na hii mashine miezi minane naiona kitu cha Ulaya kumbe ni mfuniko wa makaa wenye feni.

Akaendelea, lakini mtu hapalii kitu kibichi mume wangu, anapika kwanza kwa moto mdogo anakorogakoroga, likishatulia ndo anapalia juu lipate rangi, we umeanzia mwishoni. Nikamwambia ndo nakwambia Bibi, humu halikorogeki. Akauliza, kwani halina mlango? Nikasema lina droo. Haifunguki? Inafunguka. Sasa si ufungue ukoroge?

Sikuwa na jibu. Ukivuta droo yenyewe inajizima, ukirudisha inaendelea na dakika zake. Miezi minane!

Halafu kabla hajakata simu akauliza chicha umeipeleka wapi. Nikasema nimetupa. Akavuta pumzi tu.

Jumamosi, siku ya 8

Leo nilikuwa na akili nyingi kuliko kazi. Nikawaza, kama tatizo ni feni kukausha basi nifunike. Nikaweka karatasi ya kuokea juu ya kisufuria, sikuibana na kitu, nikawasha. Dakika ya kwanza nasikia pa pa pa pa, feni imeinyanyua karatasi imeibandika kwenye koili, moshi, harufu ya kuungua, mama wa chumba cha mbele anaita jina langu lote la ukoo. Nilichomoa waya ukutani kwanza ndo nikavuta droo. Ilikuwa imebabuka tu haijashika moto lakini ingeshika. Karatasi, foili, kitu chochote chepesi kama hakijagandamizwa na chakula kizito usikiweke humo, na usiwashe mashine tupu ikiwa na karatasi ndani.

Mzuzu zote za leo zikaliwa mbichi kwa hasira.

Jumapili, siku ya 9

Mchepuko wa nanasi. Mzuzu hazijaiva za kutosha na kuna nanasi nimepewa kazini, nikasema tujifunze hata kwa tunda lingine.

Duru ya kwanza vipande vya sentimita mbili, mdalasini na sukari, nyuzi 190, dakika 12. Vilitoa maji mengi, vikachemka kwenye maji yake, rangi hamna. Duru ya pili nimevifuta kwa kitambaa safi mpaka vikauke juu, nikapaka samli ya kuyeyusha kidogo, sukari nikaitia dakika nne za mwisho. Aisee. Pembeni pameungua kidogo kama pipi, ndani maji matupu ya moto, uchachu umepungua. Hii mtu akiwa hana muda afanye hivi tu ale, haina mambo mengi.

Nililila na maziwa ya ng'ombe ya baridi juu yake na halikuwa chungu. Nanasi bichi ukiliacha kwenye maziwa yanageuka machungu kwa sababu lina kimeng'enya kinaitwa bromelaini kinachovunjavunja protini ya maziwa, lakini moto unakiua.

Somo la kuhamishia kwenye ndizi ni samli. Kale kasafu kembamba ka mafuta kanazuia upepo kunyonya maji yote, na sukari isitangulie.

Jumamosi, siku ya 15

Jaribio la 6, sasa naenda kwa mpango wa Bibi. Ndizi kwanza peke yake, samli kijiko kimoja cha chakula, nyuzi 180 dakika 10, nikazigeuza, dakika 4 tena. Zimeanza kuwa dhahabu. Tui nimelipasha pembeni kwa kuliweka bakuli ndani ya maji ya moto ya birika, kwa sababu tui la baridi likiingia linachukua muda mrefu kupata moto na ndizi zinaendelea kukauka. Nimetia sukari vijiko viwili, hiliki, chumvi kiduchu, na unga wa ngano nusu kijiko cha chai nimeukoroga kabisa usiwe na madonge, unashikilia tui lisiachane. Nikamimina pembeni, sio juu ya ndizi. Nikashusha mpaka nyuzi 140, dakika 6, kila baada ya dakika mbili navuta droo nakoroga taratibu kwa mwiko mdogo bila kuvunja ndizi.

Halikukatika. Nimelitazama kama mtoto mchanga. Limekuwa zito, limezishika ndizi, linang'aa.

Jana yake nilijaribu tui la kopo pia, kwa haki, halikatiki kirahisi kwa sababu wanalitia vitu vya kulishikiza, kama una haraka tumia hilo, ila ladha yake kwangu ni ya chuma chuma na hiliki inapotea. Siwezi kumpa mtu wa Tanga tui la kopo akanielewa.

Kilichobaki ni rangi ya juu. Safari hii chicha sikuitupa, naogopa ile pumzi aliyovuta. Nikaichanganya na sukari, nikainyunyiza juu, nyuzi 200.

Feni ikaipeperusha yote. Chicha imeganda kwenye koili, kuta, kila pahala, inaungua mojamoja kama vimulimuli. Dakika 40 za kusafisha.

Jumapili, siku ya 16

Chicha lazima iwe nzito. Nimechukua vijiko vinne vya chicha, nimeifinya kwenye kitambaa imalize maji, nikatia kijiko kimoja cha unga wa ngano, kimoja cha sukari, samli vijiko viwili vya chai, korosho kiganja kimoja za kutwanga, nikafikicha kwa vidole mpaka imekuwa madonge madonge kama ya njegere. Nikayapanga juu, nikayagandamiza kidogo na mgongo wa kijiko. Nyuzi 190, dakika 4.

Hakuna kilichoruka. Juu pamekuwa kahawia, panakwaruza mdomoni, chini laini, tui linapanda katikati. Hiki sio alichokuwa anatupikia Bibi, najua, chake hakikuwa na hii ya juu, lakini ndugu zangu mi nilisimama peke yangu katikati ya chumba nikapiga makofi.

Jumamosi, siku ya 22

Jaribio la mwisho mbele ya majirani. Mama wa chumba cha mbele kala bakuli mbili akasema dude sio baya. Fundi wa chumba cha nyuma akasema sukari nyingi na yuko sahihi, mzuzu nyeusi ina utamu wake, nimepunguza mpaka kijiko kimoja kwenye tui. Kipimo cha watu watatu naandika hapa nisisahau: mzuzu 2 nyeusi, tui zito kikombe kimoja cha chai, hiliki 5, chumvi ya kubana kwa vidole viwili, samli kijiko kimoja cha chakula kwa ndizi na vijiko viwili vya chai kwa chicha. Muda wote jumla ni kama dakika 25, na ziliwe moto, zikipoa samli inaganda na chicha inanywea.

Embe nitajaribu msimu ukifika, sasa hivi zilizopo ni chache na bei yake ni ya watu wengine.

Alhamisi, siku ya 27

Bibi kafika saa tisa. Basi lao lilipita njia ya Msata na Bagamoyo, pale Kiwangwa kanunua nanasi tatu kwa dirishani, na kwenye kikapu kaja na mzuzu zake mwenyewe kutoka uani, nyeusi ti, kazifunga na kanga. Eti hakuamini ndizi za Dar.

Nilitaka apumzike, akakataa, akavuta kigoda akakaa pembeni ya eafraya kama mtu anayesubiri mgonjwa atoke chumba cha upasuaji. Kila nikisogea anauliza. Sasa inafanya nini? Inachoma Bibi. Mbona haitoi moshi? Haina mkaa. Ngoja nione. Nikavuta droo, akainama, mvuke ukamwingia kwenye miwani, akasema harufu iko.

Kwenye tui alininyang'anya mwiko. Anakoroga upande mmoja tu, hageuzi, mi nilikuwa nazungusha huku na huku. Halafu akaonja kwa kidole tui la moto vile, hawa watu vidole vyao sijui vya nini, akasema chumvi. Nikamwambia nimetia. Akasema ongeza. Nikaongeza, na kweli.

Nilipotoa chicha na korosho akaniangalia. Chicha? Chicha Bibi. Hakusema kitu ila alinishika bega.

Alikula bakuli la kwanza kimya. La pili akawa anakwangua pembeni ya kisufuria pale tui lilipoungua kidogo likawa kama kashata, ndo napapenda mimi, akanipunja. Akauliza hii mashine shilingi ngapi, nikamtajia niliyonunulia, akasema umepigwa. Halafu akaivuta droo tupu, akaitazama kule juu koili ilipo muda mrefu, akapima upana wa kisufuria kwa kiganja.

Mkate wa kumimina unapaliwa juu, akasema. Una mchele?

Ninao Bibi.

Mchele vikombe viwili umelowekwa saa tatu usiku. Hamira ninayo, nazi nanunua asubuhi kabla ya kliniki. Kisufuria kimeshaoshwa, ila hofu yangu ni kwamba chini hakutaiva kabla juu hakujaungua, na Bibi anasema basi tutaugeuza.